Igizo Kama Chombo cha Utafiti

Mwaka 1986, Zaire ikiwa chini ya Mobutu na chama kimoja, mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza waigizaji wa kundi la Mufwankolo, mjini Lubumbashi, maana ya msemo usemao madaraka huliwa mazima. Wakiongozwa na Odilon Kyembe Kaswili, waliugeuza msemo huo kuwa igizo la chifu na watu wake, wakalicheza katika kijiji cha Kawama. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walipatana juu ya mfuatano wa matukio, kisha kila mmoja akajitafutia maneno kwa Kiswahili cha Katanga, huku wakibishana na kurudia. Mazoezi hayo, ambayo Fabian aliyarekodi na kuyachapisha mwaka 1990, kwangu yana uzito kuliko onyesho lenyewe. Ukimuuliza mtu mamlaka ni nini, atakujibu alivyofundishwa. Mweke mbele ya raia wasiomtii, naye atatoa ujuzi ambao hajawahi kuutamka. Mwanasaikolojia Vygotsky aliligusa jambo hili mwaka 1933, alipoeleza mchezo wa dada wawili waliojifanya kuwa dada: kile walichokiishi kila siku bila kukifikiria, mchezoni walikitafutia kanuni na kuzifuata.

Wapo wanaohofia kwamba uhusika humteka mtu, nao hutaja jaribio la gereza la Stanford la mwaka 1971, ambamo wanafunzi waliopewa nafasi ya askari waliwatesa wenzao hadi likasitishwa baada ya siku 6. Hofu hiyo haipaswi kupuuzwa. Lakini kumbukumbu zilizochunguzwa baadaye zimeonyesha kwamba askari hao walihimizwa na waandaaji wawe wakali. Walikuwa wamepokea nafasi iliyokwisha kuamuliwa, na aliyeiamua alikuwa mkubwa wao. Wenzetu wa Mufwankolo waliijenga nafasi kwa majadiliano, na neno la kila mmoja lilikuwa lake. Tofauti hiyo ni kubwa hata darasani. Mwalimu wa Lubumbashi anayetaka wanafunzi waigize polisi wa barabarani na dereva wa basi asiwaandikie la kusema; awape tukio, awaache wabishane, na kabla ya kengele kulia awabadilishe: polisi awe dereva, na dereva ashike filimbi.