Kusoma Gari la Mbio Kabla ya Kulinunua

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Maneno ya kuandikwa ubaoni kabla ya somo: turbo, chesisi, mnada, mgandamizo, oktani.

MWALIMU: Kaeni vizuri, shikeni penseli na daftari, maana leo tuna kusoma kwingi na hesabu kidogo. Tutazungumza juu ya kununua gari lililotumika; si gari lolote, bali gari dogo la milango 4 lenye nguvu nyingi na mwendo mkali.

Huenda mmoja wenu atasema, "Hayo ni mambo ya vijana wenye fedha, mimi yanihusu nini?" Yanakuhusu. Watu wengi hununua gari kwa akiba ya miaka mingi, au kwa mkopo wa chama cha ushirika, au kwa fedha iliyochangwa na jamaa. Kijana wa nyumbani akiulizwa anataka gari gani, mara nyingi hutaja gari la namna hii. Akidanganywa, akiba ya nyumba nzima hupotea kwa siku moja. Tena kuna hasara iliyo kubwa kuliko fedha: gari lenye mbio nyingi na breki mbovu huua watu.

Tutachukua mfano wa gari moja linalojulikana sana kwetu, Subaru Impreza WRX. Tunaye hapa fundi aliyefungua injini nyingi za gari hilo. Karibu, Bwana Fundi.

FUNDI: Ahsante, Mwalimu. Nawasalimu wanafunzi wote.

MWALIMU: Tueleze kwanza, gari hili limetoka wapi, na kwa nini linapendwa hivi?

FUNDI: Limetoka Japani. WRX ya kwanza ilitolewa mwaka 1992. Injini yake ilikuwa ya lita 2 tu, lakini ilitoa nguvu za farasi 240. Halafu ikatoka aina iliyo kali zaidi, iitwayo STI, ikafika 280 na kupita. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani wao uko kulia, sawa na Kenya, Tanzania na Uganda. Ndiyo sababu moja magari yao yaliyotumika hutufaa.

Sifa yake ilienezwa na mashindano. Mwaka 1994 Patrick Njiru wa Kenya alikuwa wa nne katika Safari Rally akiendesha Impreza. Mwaka 1995 Colin McRae wa Scotland alipata ubingwa wa dunia kwa gari hilo, na mwaka 1997 akashinda Safari Rally. Watoto waliosimama kando ya barabara siku zile wakimwagiwa vumbi, sasa ni watu wazima, nao wanalitaka.

MWALIMU: Lakini gari la mashindano hufuatwa na kundi zima la mafundi.

FUNDI: Hapo ndipo penye fundisho, Mwalimu. Gari la mashindano hufunguliwa na kufungwa upya kila mara. Gari utakalonunua wewe lilikuwa na mtu mmoja wa kulitunza, naye ni yule mwenye gari. Kama alilitunza, umepata mali. Kama hakulitunza, umenunua deni. Wala huwezi kumwuliza, kwa maana muuzaji atasema lililo jema tu. Inakupasa ulisome gari lenyewe.

NGUVU HUTOKA WAPI

MWALIMU: Kabla ya kulisoma, tujue kwanza injini hii ina siri gani.

FUNDI: Injini hufanya kazi kwa kuchoma petroli na hewa. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi huweza kuchomwa, na nguvu huongezeka. Mmemwona mhunzi akifua jembe. Makaa peke yake hayatoshi kuyeyusha chuma, hivyo huweka mvukuto ukapuliza hewa, na moto huwa mkali. Turbo ni mvukuto wa injini. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo huzungusha jingine, nalo husukuma hewa ndani ya injini.

MWALIMU: Huzunguka kasi gani?

FUNDI: Zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja.

MWALIMU: Andikeni namba hiyo, wanafunzi: moja na sifuri tano.

FUNDI: Kitu kinachozunguka hivyo katika moto hakina kinga ila oili. Oili ikiwa chafu au ikipungua, turbo huungua. Hata beringi zinazoshika mashine ya ndani huliwa. Kwa hiyo mafundi wengi hubadilisha oili ya injini ya turbo kila kilomita 5,000 au kabla. Mwenye gari aliyechelewa kila mara, ameshaliua gari, ingawa bado linatembea.

KUSOMA KARATASI

MWALIMU: Sasa tuanze kusoma. Karatasi ya kwanza ni ipi?

FUNDI: Ni karatasi ya mnada. Magari mengi yaliyotumika huko Japani huuzwa mnadani, na kabla ya mnada mkaguzi hulitazama kila gari na kuandika aliyoyaona. Maandishi mengi ni ya Kijapani, lakini tarakimu na herufi chache unaweza kuzisoma mwenyewe. Kuna alama ya gari zima. Likiwa na 4 au 4.5, hali yake ni nzuri. Likiwa na 3, lina kasoro nyingi kidogo. Likiwa na R au RA, limewahi kugongwa na kutengenezwa. Ipo pia picha ya gari iliyochorwa, yenye herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipopigwa na kunyoshwa.

MWALIMU: Na mwaka wake je?

FUNDI: Hapo wengi hukwama, kwa sababu Wajapani huhesabu miaka kwa utawala wa mfalme wao. Herufi H ni Heisei, utawala uliokwisha mwaka 2019. Chukua namba iliyo baada ya H, ujumlishe 1988.

MWALIMU: Tufanye pamoja. H30: 30 na 1988 ni 2018. Gari hilo ni la mwaka 2018.

FUNDI: Sawasawa. Na utawala ulioanza mwaka 2019 huitwa Reiwa, herufi yake R. Hapo jumlisha 2018. R2 ni mwaka 2020. Lakini angalieni: R iliyo mahali pa mwaka ni Reiwa, na R iliyo mahali pa alama ya hali ni gari lililogongwa. Msizichanganye.

MWALIMU: Hesabu hii ina faida kubwa kwa wasikilizaji wetu wa Kenya, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Tanzania nayo hutoza kodi ya ziada kwa gari kuukuu. Anayekosea mwaka huumia bandarini.

FUNDI: Tena karatasi ile ina kilomita zilizosomwa siku ya mnada. Kama karatasi yasema 142,000, na mita ya gari yasema 78,000, basi mita imerudishwa nyuma. Usibishane na muuzaji. Mwambie ahsante, uende zako.

MWALIMU: Na gari ambalo limekwisha kuwa hapa nchini miaka mingi, wala karatasi ya mnada haipo?

FUNDI: Basi tazama vitu visivyosema uongo. Usukani ulioisha ngozi, kiti kilichobonyea upande wa dereva, na mpira wa pedali uliolika mpaka chuma kinaonekana, si vitu vya gari lililotembea kidogo. Omba risiti za gereji. Mwenye gari mwangalifu huziweka. Kisha soma namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma cha gari, herufi kwa herufi, ulinganishe na kadi ya gari. Subaru hizi zina herufi zake: GC8 ni ya kwanza, GDA na GDB ni za kati ya 2000 na 2007, VAB ni STI iliyotengenezwa 2014 mpaka 2019. Kama kadi yasema hivi na chuma chasema vile, gari hilo lina kesi. Kadi yenyewe ithibitishwe na mamlaka inayosajili magari: Kenya ni NTSA, Tanzania ni TRA.

KUSOMA TAIRI

FUNDI: Kando ya kila tairi kuna tarakimu 4. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililopita miaka 6, hata likiwa na kashata nzuri, mpira wake huanza kukauka. Gari la kwenda dukani litalivumilia kidogo. Gari la mbio halivumilii. Tairi likipasuka kwenye mwendo mkali, hakuna dereva fundi.

MWALIMU: Nimesikia kwamba tairi zote 4 za Subaru hazina budi kuwa sawa. Ni kweli?

FUNDI: Ni kweli. Injini husukuma magurudumu yote 4, na katikati kuna difu inayogawa nguvu. Tairi moja likiwa limelika kuliko mengine, huwa dogo, nalo huzunguka zaidi. Difu hufanya kazi bila kupumzika, hupata joto, huharibika. Ukiona tairi 4 za namna 4, umejua tabia ya mwenye gari bila kumwuliza jina lake.

KUSIKILIZA INJINI

MWALIMU: Twende kwenye injini.

FUNDI: Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Injini mbovu hufichwa kwa kupashwa moto kwanza. Vuta kijiti cha oili: iwe katika kipimo, isiwe na chengachenga za chuma wala rangi ya maziwa. Rangi ya maziwa maana yake maji yameingia.

Kisha washa, utazame moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoungua, gasketi imekufa. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Na ukisikia mgongo mzito wa chuma kutoka chini, go, go, go, unaofuata mwendo wa injini, beringi za konrodi zimekwisha. Zima, urudishe ufunguo.

MWALIMU: Je, sikio linatosha?

FUNDI: Halitoshi. Omba fundi wako, si fundi wa muuzaji, apime mgandamizo wa kila silinda. Injini hii ina silinda 4 zilizolala, mbili kushoto na mbili kulia. Namba zake 4 zikaribiane. Tuseme umepata 150, 148, 151 na 110. Silinda ya nne inavuja. Kuitengeneza ni kufungua injini nzima.

La mwisho ni mkanda wa taimingi. Injini ya EJ20, iliyomo katika nyingi za gari hizi, ina mkanda wa mpira ambao hubadilishwa ufikapo kilomita 100,000. Ukikatika safarini, pistoni hugonga valvu na injini hufa. Kama hakuna risiti ya mkanda, hesabu kwamba haujabadilishwa.

MWALIMU: Na yale magari yaliyoongezwa nguvu na vijana, yenye bomba kubwa linalonguruma?

FUNDI: Yaacheni. Mtu amebadilisha kompyuta ya injini ili turbo ipulize zaidi, lakini pistoni ni zile zile. Tena Japani gari hili hutumia petroli yenye oktani 100, na vituo vyetu vingi huuza iliyo chini ya hapo. Petroli isiyotosha, katika injini iliyochokonolewa, hulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja pistoni. Tafuteni lile lililoachwa kama lilivyotoka kiwandani. Halina makelele, lakini litakufikisha.

HESABU YA MWISHO

MWALIMU: Tuseme mtu ana shilingi 1,500,000. Anunue gari la bei gani?

FUNDI: Asinunue la 1,500,000. Aweke sehemu ya tano kando.

MWALIMU: Sehemu ya tano ya 1,500,000 ni 300,000. Zinabaki 1,200,000. Hiyo ndiyo bei ya gari.

FUNDI: Na zile 300,000 ni za mkanda, oili, breki na tairi, kabla hujaenda safari yoyote. Asiyeweza kuziweka, gari hili si lake kwa sasa. Achukue gari dogo la kawaida, hakuna aibu. Kisha, kabla ya kulipa, alijaribu katika barabara tupu, akanyage breki kwenye mwendo wa kilomita 60. Gari lisivute upande, usukani usitetemeke. Likivuta, bei ishuke au biashara ife.

MWALIMU: Ahsante sana, Bwana Fundi. Wanafunzi, mmesikia. Mng'aro wa rangi husomwa na kila mtu, hata asiyejua herufi. Lakini juma la tairi, mwaka wa Kijapani, namba ya chesisi na vipimo vya silinda husomwa na mwenye elimu tu. Mkifuatana na kijana kununua gari, msikae nyuma kimya. Vaeni miwani, shikeni penseli, mwulize: namba hii ni ya nini?

MASWALI YA DARASA

1. Karatasi ya mnada ina H28. Gari ni la mwaka gani?
2. Tairi lina 4815. Lilitengenezwa juma la ngapi, mwaka gani?
3. Silinda zimepimwa: 152, 149, 118, 150. Ipi ni mgonjwa?
4. Una shilingi 900,000. Weka sehemu ya tano kando. Utanunua gari la bei gani?
5. Kwa nini injini ipimwe ikiwa baridi? Jibu kwa sentensi mbili.

Jadilianeni darasani, kila mmoja aandike majibu yake mwenyewe. Kwaherini mpaka juma lijalo.