Kilimia, kundi la galaksi na neno "mageuko"

Kilimia, nomino itokanayo na kitenzi lima, ni fungu la nyota ambalo wakazi wa mwambao, ukiwamo wa Kilwa na Lindi, hulihusisha na majira ya kulima. Lisichanganywe na kundi la galaksi. Nyota zote za Kilimia zimo ndani ya galaksi yetu. Kundi la galaksi hujumuisha mamia au maelfu ya galaksi zinazoshikiliwa pamoja na mvutano.

Tofauti hiyo ni ya wakati pia. Nuru ya Kilimia ionekanayo leo ilianza safari miaka 440 hivi iliyopita, karibu na wakati Wazimba walipoivamia Kilwa mwaka 1587. Nuru ya makundi ya mbali husafiri mabilioni ya miaka. Hivyo kuyatazama ni kutazama zamani. Mwaka 1978, Butcher na Oemler waliripoti kuwa makundi mawili ya mbali yalikuwa na galaksi nyingi za buluu, ilhali makundi ya karibu yametawaliwa na galaksi nyekundu, ambazo karibu zimekoma kuunda nyota.

Badiliko hilo huitwa mageuko. Mageuzi hudokeza marekebisho yaliyokusudiwa na watu, kama katika "mageuzi ya kisiasa", galaksi hazikusudii.

Mfano: Mageuko ya galaksi huonekana tunapolinganisha makundi ya mbali na ya karibu.