Waingereza, Baiskeli na Makaburi ya Vita: Michango Hii Ilianzia Wapi?

Ukikaa Uingereza miaka miwili mitatu, lazima ikufikie. Ni mwezi wa nne au wa tano, mwenzako kazini anakutumia kiungo: atanyonga baiskeli kutoka Portsmouth hadi Normandy, au London hadi Paris, atapita kwenye viwanja vya vita, na anaomba umchangie ili pesa iende kwa askari waliojeruhiwa. Wengi wetu hutoa pauni tano au kumi kwa sababu tunakaa naye meza moja. Maswali huja baadaye. Kwa nini baiskeli? Kwa nini makaburini? Serikali iliyowapeleka vitani iko wapi? Na je, pesa inafika, au tunamlipia mtu likizo yake Ufaransa?

Maswali haya yana majibu, na mengine yana umri wa zaidi ya miaka mia moja. Ukiyafuata hadi mwisho, utajikuta Taveta, nchini Kenya.

Mbio za mwaka 1919

Baiskeli ilifika kwenye viwanja vya vita kabla ya michango. Tarehe 28 Aprili 1919, miezi mitano na ushei tangu mizinga ya vita vya kwanza vya dunia inyamaze, gazeti la Paris liitwalo Le Petit Journal liliandaa mbio za Circuit des Champs de Bataille, mzunguko wa viwanja vya vita. Waendeshaji 87 waliondoka Strasbourg kwa hatua saba zenye jumla ya kilomita 2,000 hivi, wakapita Luxembourg, Brussels, Amiens, Paris, Bar-le-Duc na Belfort, kisha kurudi walikoanzia. Wengi walikuwa wamevua magwanda juzijuzi tu.

Hatua ya Brussels hadi Amiens ndiyo inayosimuliwa mpaka leo. Ilikuwa zaidi ya kilomita 320 za mvua na baridi. Barabara zilikuwa zimechimbuliwa na mabomu, na vijiji vilikuwa vifusi visivyo na hata duka la mkate. Mbelgiji Charles Deruyter alishinda hatua hiyo baada ya kukaa kwenye tandiko zaidi ya saa 18. Nyuma yake wapo waliojibanza usiku kwenye mahandaki yaliyoachwa na wanajeshi na kuingia Amiens kesho yake. Deruyter alichukua ushindi wa mbio zote. Waliomaliza walikuwa 21.

Mchezo wenyewe ulikuwa na msiba. Mabingwa watatu wa Tour de France hawakuiona amani: François Faber aliuawa vitani Mei 1915, Octave Lapize aliangushwa pamoja na ndege yake Julai 1917, na Lucien Petit-Breton alikufa kwa ajali ya gari Desemba mwaka huohuo, akiwa bado jeshini. Mwaka 1919 waandishi waliopita kukagua njia ya mbio za Paris–Roubaix waliona nchi iliyoungua, wakaiita Jehanamu ya Kaskazini. Mbio hizo zinaitwa hivyo hadi leo.

Watu wa kawaida nao walianza kwenda. Michelin, kampuni ya matairi, ilikwishaanza kuchapisha vitabu vya kuwaongoza wasafiri kwenye viwanja vya vita mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea. Wajane na wazazi walivuka bahari kutafuta makaburi ya watu wao. Mwaka 1928 British Legion, chama cha askari wa zamani wa Uingereza, kilipeleka watu wapatao 11,000 Ufaransa na Ubelgiji kwa safari moja. Kwa hiyo mwenzako wa kazini hakubuni jambo jipya. Anafuata njia ya mahujaji, ila yeye anakwenda kwa baiskeli.

Majina kando ya barabara

Kinachowezesha safari hizi ni mpangilio wa makaburi yenyewe. Mwaka 1917 Uingereza iliunda tume ya makaburi ya vita chini ya Fabian Ware, ambayo leo ni Commonwealth War Graves Commission. Tume ilijiwekea msingi kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, ama kwenye jiwe la kaburi au kwenye ukuta wa kumbukumbu, na mawe yafanane, ya jenerali na ya kuruta. Leo inatunza kumbukumbu za watu milioni 1.7 katika nchi zaidi ya 150.

Ukipita Somme, kaskazini mwa Ufaransa, kwa baiskeli unaona maana ya kazi hiyo. Ni nchi ya vilima vya taratibu na mashamba ya viazi sukari na ngano. Vibao vya kijani vya tume vinajitokeza kila baada ya kilomita mbili tatu, kimoja kinaelekeza kwenye makaburi arobaini katikati ya shamba, kingine kwenye makaburi elfu. Getini pana kijisanduku ukutani chenye daftari la majina, unafungua na kusoma: jina, kikosi, umri, wakati mwingine na jina la mama. Pembeni ya shamba, chini ya nguzo, mkulima ameweka makombora yenye kutu yaliyoinuliwa na jembe lake. Yanasubiri wataalamu wa kutegua mabomu waje kuyachukua, kwa sababu mengine bado yanaweza kulipuka. Kwa miguu huwezi kufika kote huko kwa siku moja, na basi linapita mbio mno. Baiskeli inasimama popote.

Majina ni mengi kupita kiasi. Ukuta wa Thiepval, hapohapo Somme, una zaidi ya 72,000 ya watu wasiojulikana walikozikwa. Lango la Menin, mjini Ypres, Ubelgiji, lina zaidi ya 54,000, na kila jioni saa mbili wapiga tarumbeta husimama chini yake kuwaaga waliokufa. Desturi hiyo ilianza 1928, na ilisimama wakati Wajerumani walipoushika mji katika vita vya pili. Waandaaji wa safari hupanga ratiba ili waendeshaji wafike Ypres kabla ya saa hiyo. Mtu aliyekuja kwa ajili ya mazoezi anakuta jina la ukoo wake ukutani, na kuanzia hapo anaomba michango kwa moyo mwingine.

Bwawa lililoanzisha shirika

Safari ndefu za baiskeli za maveterani zilikuwepo kabla ya vita vya Afghanistan. Pedal to Paris ya Royal British Legion ilianza miaka ya 1990, na humalizika kwa heshima kwenye kaburi la askari asiyejulikana, chini ya Arc de Triomphe. Lakini wimbi la sasa lina chanzo kinachojulikana.

Mwaka 2007 Bryn Parry, mwanajeshi wa zamani aliyegeuka mchora katuni, na mkewe Emma walitembelea hospitali ya Selly Oak mjini Birmingham. Huko walikuwa wamelazwa vijana kutoka Iraq na Afghanistan. Vita hivyo vilikuwa na sura yake. Mabomu ya kutegwa ardhini yalikata miguu, lakini mikanda ya kuzuia damu na helikopta zilizobeba madaktari ziliwaokoa watu ambao vita vya zamani vingewazika. Hivyo walirudi vijana wengi wa miaka ishirini na ushei wasio na mguu mmoja au yote miwili, wenye maisha marefu mbele yao.

Akina Parry waliuliza wasaidie nini, wakaambiwa kituo cha utengamao cha Headley Court, Surrey, kinahitaji bwawa la kuogelea. Oktoba 2007 walianzisha Help for Heroes. Mei 2008 wakaandaa Big Battlefield Bike Ride, waendeshaji wapatao 300, baadhi yao majeruhi, wakipita kwenye viwanja vya vita vya kaskazini mwa Ufaransa. Bwawa na jengo lake vilifunguliwa mwaka 2010. Headley Court ilifungwa mwaka 2018 na huduma zake zikahamia Stanford Hall, lakini safari ziliendelea.

Marekani ilitangulia kidogo. Mwaka 2004 mhudumu wa baa wa Long Island, Chris Carney, alikatiza bara zima kwa baiskeli kuwachangia majeruhi, na hapo ikazaliwa Soldier Ride ya Wounded Warrior Project. Kanada nako Wounded Warriors Canada huendesha safari zao za viwanja vya vita barani Ulaya.

Kwa nini baiskeli na si mbio za miguu? Muulize aliyekatwa mguu. Kukimbia kunataka mguu bandia wa pekee na kisiki kilichopona sawasawa. Baiskeli inabeba uzito wa mwili. Asiye na miguu hutumia ile ya kuzungushwa kwa mikono, na kipofu hukaa nyuma kwenye baiskeli ya watu wawili. Wenye majeraha ya moyo nao hupata kundi la watu wanaoamka pamoja na kuchoka pamoja, kitu walichokipoteza walipoacha jeshi.

Pesa inakwenda wapi

Serikali haikukosekana. Inalipia matibabu, na tangu 2005 upo mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini jeshini. Mashirika ya hisani huziba mapengo: kurekebisha nyumba, ushauri nasaha, kumfundisha mtu kazi mpya, kuisaidia familia yake. Unaweza kusema hayo yote yangekuwa wajibu wa serikali, na ungekuwa na hoja. Help for Heroes iliepuka mjadala huo, wala haikuhukumu vita vyenyewe. Ndiyo maana hata waliopinga vita vya Iraq waliweza kuichangia.

Utaratibu wake ni kama kadi ya mchango wa harusi: mwendeshaji hulipa kiingilio, kisha huahidi kuleta kiasi fulani kabla ya siku ya safari. Hapo kuna aina mbili. Wapo wanaojilipia wenyewe feri, hoteli na chakula, na michango yote ikaenda kwa shirika. Wapo ambao sehemu ya michango ndiyo inayolipia safari. Aina ya pili si wizi, ila mchangiaji anapaswa kuambiwa. Basi muulize mwenzako bila kuona haya: safari umejilipia? Swali hilo ni la kawaida hapa, hatakasirika.

Kuna na kile kisanduku cha Gift Aid. Ukilipa kodi ya mapato Uingereza na ukakitia alama, shirika hudai serikalini peni 25 kwa kila pauni uliyotoa. Kama kipato chako ni kidogo na hulipi kodi ya kutosha, kiache wazi, kwa sababu tofauti unaweza kudaiwa wewe.

Na askari wa kwetu?

Uzuri wa Somme ni majina. Sasa tazama barabara ya Voi hadi Taveta, kilomita mia moja na ushei za lami. Inapita Maktau, ambako jeshi la Waingereza lilipiga kambi katika vita vya kwanza, na mlima Salaita, ambako Wajerumani na askari wao Waafrika waliwarudisha nyuma Waafrika Kusini tarehe 12 Februari 1916. Makaburi ya tume yapo Taveta na Voi. Kwa mwendesha baiskeli, hiyo ni njia ya siku mbili zenye historia tele.

Lakini wengi waliofia kwenye vita hivyo hawana jiwe. Wapagazi wa Carrier Corps (ndiyo "Kariakoo" ya Waswahili) waliobeba unga na risasi walikufa karibu laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Baada ya vita tume iliuacha msingi wake wenyewe. Ilionekana kwamba sanamu za askari zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zinawatosha wote, bila majina, na makaburi ya wapagazi yaliachwa yamezwe na pori. Ripoti ya tume yenyewe ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni.

Daftari lisipokuwepo, na pesa haipo. Baada ya vita vya pili, askari Waafrika wa King's African Rifles (KAR) waliotoka Burma walipewa kiinua mgongo cha takriban theluthi ya walichopata wazungu wa cheo kilekile. Jambo hilo lilikuja kuandikwa magazetini mwaka 2019, wengi wao wakiwa wamekwishakufa. Kwa maveterani wachache waliobaki na wajane wao, msaada hupitia Royal Commonwealth Ex-Services League, iliyoanzishwa Cape Town mwaka 1921. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitoa pauni milioni 12 hivi kwa watu wapatao 7,000 katika nchi mbalimbali, lengo likiwa mtu apate milo miwili kwa siku.

Waingereza hawastahili lawama kwa kuwachangia vijana wao. Wamefanya lile ambalo jamii yoyote ingefanya pale majina yanapoonekana njiani kila siku. Lililobaki ni kuyaweka yetu njiani pia. Kazi hiyo imeanza: Januari 2025 tume ilizindua Cape Town kumbukumbu ya zaidi ya watumishi 1,700 weusi wa jeshi waliofia barani Afrika katika vita vya kwanza, kila mmoja kwa jina lake, na inaendelea kupekua nyaraka za Afrika Mashariki.

Tume hupokea majina kutoka kwa umma yakija na ushahidi. Kama kwenu kuna babu aliyekwenda na Kariakoo au KAR asirudi, uliza wazee wangali hai: jina lake lote, baba yake, kijiji, kikosi, namba kama imeandikwa kwenye cheti au medali. Piga picha hizo karatasi na uwatumie. Na mwenzako wa kazini akikuletea kiungo chake mwakani, mchangie, kisha mwambie njia ya Taveta ina lami.