Siku 13 za Oktoba 1962: Makombora ya Cuba na Mipaka ya Amri

Mgogoro wa makombora wa Cuba, uliodumu kuanzia tarehe 16 hadi 28 Oktoba 1962, huhesabiwa na wanahistoria wengi kuwa kipindi ambacho Vita Baridi, yaani uhasama wa kisiasa na kijeshi baina ya Marekani na Umoja wa Kisovieti, vilikaribia mno kugeuka vita vya nyuklia. Mara nyingi husimuliwa kama pambano la watu wawili, Rais John F. Kennedy wa Marekani na kiongozi wa Kisovieti Nikita Khrushchev, ilhali nyaraka na ushahidi uliojitokeza baadaye vinaonyesha kwamba hatari kubwa zaidi ilikuwa mahali ambapo amri za viongozi hao hazikufika.

Mnamo Aprili 1961, wapinzani wa kiongozi wa Cuba, Fidel Castro, wapatao 1,400, waliofunzwa na shirika la kijasusi la Marekani, CIA, waliivamia Cuba katika Ghuba ya Nguruwe, wakashindwa katika muda wa siku chache tu. Castro alikuwa na kila sababu ya kutarajia uvamizi mwingine, naye Khrushchev, ambaye nchi yake ilikuwa ikielekezewa makombora ya nyuklia ya Marekani aina ya Jupiter kutoka Uturuki na Italia, aliamua kuweka ya kwake kisiwani humo, umbali wa kilomita 150 hivi kutoka Florida. Askari zaidi ya 40,000 walisafirishwa kwa siri katika operesheni iliyopewa jina la Anadyr, mto wa kaskazini ya mbali ya Urusi, na baadhi yao walipewa mavazi ya baridi kali ili wasijue kwamba wanapelekwa nchi ya joto.

Tarehe 14 Oktoba, ndege ya upelelezi aina ya U-2 ilipiga picha za makombora hayo karibu na San Cristóbal, magharibi mwa Cuba. Washauri wa kijeshi walimhimiza Kennedy aanze kwa mashambulizi ya anga, lakini yeye alichagua kuzizuia baharini meli zilizobeba silaha, hatua iliyoitwa karantini kwa kuwa kuzingira nchi nyingine kwa majeshi huhesabiwa na sheria ya kimataifa kuwa kitendo cha vita. Uamuzi huo unastahili heshima kubwa, kwani Wamarekani hawakujua kwamba, mbali na makombora ya masafa ya kati, kisiwani kulikuwa pia na silaha ndogo za nyuklia zilizokusudiwa kutumiwa dhidi ya jeshi litakalotua ufukweni.

Jumamosi ya tarehe 27 ndiyo iliyodhihirisha jinsi mamlaka ya viongozi yalivyokuwa dhaifu. Maofisa wa Kisovieti waliokuwa Cuba waliidungua U-2 na kumwua rubani wake, Rudolf Anderson, bila idhini ya Moscow, na siku hiyohiyo U-2 nyingine ilipotea njia karibu na Ncha ya Kaskazini, ikaingia katika anga ya Kisovieti. Baharini, manowari za Marekani zilikuwa zikiangusha mabomu madogo ya mazoezi ili kuilazimisha nyambizi B-59 ipande juu, bila kujua kwamba ilibeba torpido yenye kichwa cha nyuklia. Ndani yake, ambamo joto lilikuwa kali na mawasiliano na Moscow yamekatika, mabaharia hawakuweza kujua kama vita vimekwisha kuanza. Kwa mujibu wa masimulizi ya ofisa mmoja aliyekuwamo, kapteni Valentin Savitsky aliagiza torpido hiyo iandaliwe, lakini Vasili Arkhipov, mnadhimu mkuu wa kikosi cha nyambizi, alimtuliza, na nyambizi ikapanda juu. Masimulizi hayo yalifahamika kwa upana katika mkutano uliofanyika Havana mwaka 2002, miaka 4 baada ya Arkhipov kufariki.

Usiku huo Robert Kennedy, nduguye rais, alimhakikishia balozi wa Kisovieti Anatoly Dobrynin kwamba makombora ya Uturuki yangeondolewa, mradi ahadi hiyo ibaki siri. Kesho yake Khrushchev alitangaza kuyaondoa makombora ya Cuba, na Kennedy akaahidi kutokivamia kisiwa hicho. Castro, ambaye hakushauriwa kuhusu kuondolewa kwa silaha hizo katika ardhi yake, aliwakatalia wakaguzi wa Umoja wa Mataifa kuingia nchini.  Kwa hiyo ukaguzi ulifanyika baharini, meli zikiwa njiani kurudi.

Makombora ya Jupiter yaliondolewa Uturuki Aprili 1963. Juni mwaka huohuo Marekani na Umoja wa Kisovieti zilikubaliana kuunganisha Washington na Moscow kwa mashine za kupelekeana maandishi moja kwa moja, kwani wakati wa mgogoro barua ya Khrushchev ilichukua saa nyingi kumfikia Kennedy, na mwezi Agosti zilitia saini, pamoja na Uingereza, mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya silaha za nyuklia hewani, katika anga za juu na chini ya maji.