Moshi wa Ziwani na Pumzi ya Nyangumi

Watoto wa Bukoba, moshi ule mnaujua. Ziwa limetulia, mara nyuma ya kisiwa cha Musira inasimama nguzo nyeusi juu ya maji, inapinda na upepo, ungedhani kuna meli inaungua. Hakuna meli. Ni vijidudu, mamilioni kwa mamilioni, vilivyokulia kwenye tope la chini ya ziwa kisha vikaota mbawa kwa pamoja. Upepo ukivisukuma nchi kavu, huko Muleba vinaingia mpaka kwenye chai.

Mmoja wenu, aliyemwona nyangumi kwenye televisheni, ameniuliza: "Babu, au yule ni nyangumi anapumua?"

Swali zuri, mjukuu wangu. Hapa kwetu, hapana. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Nyangumi akitaka kutufikia kwa kuufuata Mto Nile, atakwama, kama si mapema zaidi, kwenye maporomoko ya Murchison, Uganda, pale mto mzima unapojibana kwenye mwanya wa mita 7 hivi. Na hata angefika, angekula nini? Akiwa malishoni anaweza kumaliza tani nzima ya chakula kwa siku. Wavuvi wa dagaa wa Bumbiire wangeandamana!

Pwani yetu, hata hivyo, anafika kila mwaka. Kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, nyangumi wenye nundu hutoka kwenye bahari ya baridi kali karibu na Antaktika, wakaja Mtwara, Mafia, Unguja, hadi Watamu kule Kenya. Hawafuati chakula. Huko kusini wameshanenepa kwa vijikamba. Huku wanatafuta wenzi na maji ya vuguvugu ya kuzalia. Mtoto huzaliwa ana mita 4 au zaidi, na mama humnyonyesha huku yeye mwenyewe hali karibu chochote. Miezi hiyo yote! Mimi nikikosa ndizi za mchana tu, nyumba nzima inajua.

Basi mkipanda boti kwenda kumtazama, vaeni kwanza jaketi za kuokolea, kisha tazameni mbali. Pua zake ziko utosini. Akiibuka, anafukuza hewa kwa kishindo, na mvuke unaruka juu mita 3 hivi. Moshi wa vijidudu utakusubiri umalize uji; pumzi ya nyangumi inapotea kwa sekunde chache, na aliyeinamia simu ameikosa. Nahodha anayeijua kazi hupunguza mwendo, hukaa mbali, kama mita 100, wala haingii kati ya mama na mtoto. Akimkimbiza, mama atazama na mwanawe, nanyi mtakuwa mmelipa nauli ya kutazama maji.

Kabla ya kuzama sana, anapinda mgongo na mkia unainuka wote. Utazameni vizuri. Siku mkifika mwalo wa Nyamkazi, mshikeni sato: mkia wake umesimama wima, akiogelea anaupeleka kulia na kushoto. Wa nyangumi umelala bapa, unapanda na kushuka. Kwa hiyo papa potwe wa Mafia, yule mkubwa mwenye madoa ambaye wageni humchanganya na nyangumi, ni samaki kamili: mkia wima, na anapumua kwa matamvua.

Upande wa chini wa mkia wa nyangumi huyu kuna mabaka meupe na meusi, na kila mmoja ana yake. Watafiti hukusanya picha za mikia na kuzilinganisha, ndivyo wanavyotambua kwamba huyu wa leo ni yule aliyeonekana mwaka mwingine, pengine kwenye bahari ya nchi nyingine kabisa. Kwa hiyo simu itoeni wakati huo, si mapema, na msijipige picha nyuso zenu. Pigeni mkia, mwandike tarehe na mahali, halafu mumpe nahodha awafikishie watafiti.