Saa ya Chicago kwenye hitma ya Maskati

Halati yangu alinipigia simu kutoka Unguja mapema asubuhi. "Mwanangu, hitma imekwisha tangu jana usiku, mbona saa hizi ndo mnatwita?"

Tovuti ya ukoo wetu nimeitengeneza mwenyewe hapa Maskati, kwa Django. Kazi yake kuandikisha michango na kuwapelekea watu baruapepe saa moja kabla ya shughuli. Hitma ya marehemu bibi ilikuwa saa 2 usiku, na jamaa wa Unguja na London walikuwa waifuate kwa simu. Ukumbusho wao ukatoka saa 11 alfajiri.

Nilisoma faili la mipangilio mara tatu, sikuona kosa. Ningelionaje? Kosa lilikuwa kitu ambacho hakimo. Siku chache nyuma nilikuwa nikisafisha faili lile, nikafuta mstari wa TIME_ZONE bila kutambua. Usipoiambia Django uko wapi, inarudi kwenye saa yake ya asili, America/Chicago. Yenyewe ilizaliwa kwenye ofisi ya gazeti mjini Lawrence, Kansas, wanakofuata saa hiyo hiyo. Januari, Chicago iko nyuma yetu kwa saa 10. Saa 1 usiku yao ndiyo saa 11 alfajiri yetu.

Ipo amri inaitwa diffsettings. Inalinganisha mipangilio yako na ile ya asili ya Django, inakuonesha iliyotofautiana tu. Basi TIME_ZONE haikutokea, maana ilikuwa sawasawa na ya asili! Nilipoongeza --all ndipo ikatoka, mbele yake alama ###, yaani hii ni ile ile waliyoiweka wao.

Orodha hiyo ikanionesha na jengine, lililonitisha zaidi: DEBUG = True. Ya asili ni False, lakini faili la mradi mpya huja na True, nami sikuigusa tangu siku ya kwanza. Tovuti ikipata hitilafu, mgeni yeyote angeoneshwa vipande vya programu na taarifa zilizokuwa zikishughulikiwa, pengine namba za simu za mama zetu. Nikaizima. Ukiizima, sharti ujaze na ALLOWED_HOSTS, la sivyo tovuti inamkataa kila mtu.

Sasa imeandikwa Asia/Muscat. Halati nimemwomba radhi. Kasema ya arubaini atapiga simu mwenyewe kuuliza saa.