Texas, Arizona au Minnesota: Wapi Kodi na Shule Zitakugharimu Kidogo?

Kila kiangazi, mwaka wa shule unapokwisha, familia nyingi za Wakenya, Wakongo na Warundi wanaoishi Marekani hupiga hesabu za kuhama jimbo. Texas hutajwa mapema, na sifa yake inajulikana: haina kodi ya mapato ya jimbo. Ni kweli, tena mwaka 2019 wapiga kura wa huko waliipiga marufuku ndani ya katiba yao. Lakini kodi ya mapato ni bili moja kati ya nne. Anayechagua jimbo kwa kutazama bili hiyo pekee anaweza kujikuta analipa zaidi ya alivyokuwa akilipa alikotoka.

Watetezi wa soko huria wana hoja nzito katika jambo hili. Mwaka 1955 mwanauchumi Milton Friedman aliandika kwamba serikali inaweza kugharamia elimu bila kuendesha shule yenyewe: fedha zimfuate mtoto, mzazi achague. Mwaka 1956 mwanauchumi mwenzake Charles Tiebout akaeleza kwamba raia huchagua kodi na huduma kwa kuhamia mahali panapomfaa. Naziamini hoja zote mbili, kwa sababu mzazi mwenye uwezo wa kuondoka husikilizwa kuliko asiye nao. Hata hivyo, soko humfaa mnunuzi anayeijua bei kamili, na bei hiyo ndiyo tunayoitafuta hapa.

Bili ya kwanza: kodi ya mapato

Chukua mume na mke wenye watoto wawili wadogo, kwa viwango vya mwaka 2025. Wakiwa na kipato cha dola 150,000 kwa mwaka, Texas hawalipi kitu. Arizona, yenye kiwango kimoja cha asilimia 2.5 tangu 2023, watalipa chini kidogo ya dola 3,000. Minnesota, ambako viwango huanzia asilimia 5.35 na kupanda hadi 9.85, watalipa zaidi ya dola 6,000. Kwa familia hii Texas inashinda waziwazi.

Sasa shusha kipato hadi dola 35,000. Texas bado ni sifuri. Arizona pia inafika sifuri baada ya makato ya kawaida na nafuu ya watoto. Minnesota haitozi kitu, na juu ya hapo inarudisha dola 1,750 kwa kila mtoto, yaani dola 3,500, kutokana na sheria ya 2023. Kwa hiyo kwa mfanyakazi wa ghala au mhudumu wa wazee mwenye kipato hicho, jimbo linalosifika kwa kodi kubwa ndilo lenye nafuu zaidi.

Bili ya pili: kodi ya nyumba

Texas hufidia hapa kodi ya mapato isiyoitoza. Katika miji yake mingi, kodi ya nyumba huzunguka asilimia 2 ya thamani kabla ya msamaha, na sehemu kubwa yake huenda kwenye shule. Mwenye nyumba anayeishi humo hupata afueni: msamaha wa kodi ya shule ulipandishwa hadi dola 100,000 za thamani mwaka 2023, na hadi dola 140,000 mwaka 2025. Mpangaji hapati msamaha huo, ilhali mwenye nyumba huiingiza kodi yake ndani ya pango. Arizona ina unafuu mkubwa, kwa kawaida chini ya asilimia 1. Minnesota iko katikati.

Bili ya tatu: kodi ya mauzo

Houston, Texas, unalipa asilimia 8.25 dukani. Minnesota kiwango cha jimbo ni asilimia 6.875, na Minneapolis na Saint Paul huongeza hadi kufikia asilimia 9 au zaidi, ila nguo hazitozwi. Arizona jimbo linatoza asilimia 5.6, kisha kaunti na mji huongeza chao. Majimbo yote matatu hayatozi vyakula vya kupika nyumbani, ingawa baadhi ya miji ya Arizona hutoza. Kwa ujumla bili hii isikuamulie safari.

Bili ya nne: shule

Arizona ndiyo imeifuata fikra ya Friedman kwa mbali zaidi. Akaunti yake ya elimu, aina ya vocha inayompa mzazi fedha za umma za kulipia shule binafsi, ilianza 2011 kwa watoto wenye ulemavu, ikafunguliwa kwa watoto wote mwaka 2022, na mtoto wa kawaida hupata takriban dola 7,000 hadi 8,000 kwa mwaka. Texas ilipitisha sheria yake ya vocha mwaka 2025: takriban dola 10,000 kwa mtoto wa shule binafsi kuanzia mwaka wa masomo 2026–27, ndani ya bajeti ya dola bilioni 1, na waombaji wakizidi nafasi kuna utaratibu wa kipaumbele.

Minnesota haina vocha, lakini isidhaniwe haina uchaguzi. Ndilo jimbo lililotunga sheria ya kwanza ya shule za mkataba nchini, mwaka 1991. Hizi hulipiwa na umma, huendeshwa na bodi zake zenyewe, wala hazitozi karo. Mzazi anaweza pia kuomba nafasi katika wilaya nyingine ya shule. Tangu 2023 kifungua kinywa na chakula cha mchana ni bure kwa wanafunzi wote katika shule zinazoshiriki mpango huo. Na familia yenye kipato chini ya dola 80,000 inaweza kusomesha mtoto katika vyuo vya umma vya jimbo bila ada ya masomo.

Kabla ya kusaini vocha, yajue mambo matatu. Kwanza, shule ikitoza dola 13,000 nawe una vocha ya 7,500, tofauti ya dola 5,500 ni yako, pamoja na sare na usafiri. Pili, shule binafsi inaweza kumkataa mtoto. Shule ya umma ya eneo lako haiwezi, na tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1982 hairuhusiwi kumfungia mlango kwa sababu ya hadhi ya uhamiaji. Tatu, Arizona mzazi anayeingia mpango huo huiondolea wilaya wajibu wa kumsomesha mtoto wake. Kwa mtoto mwenye ulemavu au anayejifunza Kiingereza, huo ni uamuzi mzito.

Uamuzi wangu

Kipato chini ya dola 40,000 na watoto wadogo: Minnesota. Kipato kikubwa, uwezo wa kununua nyumba na kuridhika na shule ya umma ya mtaa: Texas. Kipato cha kati, na shule binafsi nzuri iliyo karibu ambayo karo yake haizidi vocha: Arizona.

Uhuru wa kuchagua una maana kwa anayejua anachonunua. Kabla hujakodi lori la kuhamia, andika bili zote nne kwenye karatasi moja, uliza pango halisi la mtaa unaoutaka, piga simu shuleni uulize karo na nafasi, kisha jumlisha kwa mwaka mzima. Jumla hiyo ndiyo ikuchagulie jimbo.